Tamaa ya Magodoro

Jumatatu, 3 Machi

Leo maisha ya ukubwa yamenigongea mlango. Tangazo ubaoni, nje ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi: kiwanda cha magodoro kinatafuta mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho. Mmoja tu! Mafunzo kazini, mshahara juu, na ukimaliza chuo unabaki hapohapo. Usaili Ijumaa.

Nikamwandikia Mama papo hapo kwamba nimepata kazi. Ndiyo, najua. Sijapata. Lakini nitapata, kwa hiyo tofauti ni ya siku chache tu, na sioni sababu ya kumsumbua mzazi kwa siku chache. Mama akauliza kazi gani. Vidole vikaandika "meneja" kabla sijavizuia.

Sijaweka simu mfukoni, Shangazi huyo hewani. Habari ilishafika kwake, ikafika sokoni, ikafika kwa fundi cherehani wake, ambaye akishajua jambo huna haja ya redio. Akasema mbegu ya ukoo hatimaye imeota. Akasema yeye na Mama wanakuja Jumamosi kuiona ofisi. Nikasema ofisi bado inapakwa rangi. Akasema watasimama mlangoni, hawatagusa ukuta.

Mdomo uliponza kichwa. Sasa kazi hii lazima niipate, kwa njia safi au kwa njia nyingine.

Jumanne, 4 Machi

Waombaji walikuwa lukuki. Wamechujwa, tumebaki watatu. Mimi nimo! Nilijua. Wasifu wangu una kurasa nyingi kuliko wa mtu yeyote, na karibu nusu yake ni kweli.

Wapinzani wangu ni hawa.

Wa kwanza ni mwenzangu wa chumbani. Darasa zima linamwita Taratibu, kwa sababu hata akidondosha kikombe hukidondosha kwa utaratibu. Anatoka nchi ya mbali. Kiswahili alijifunza darasani, na bado kinaonekana kimepigwa pasi. Tena mtu huyu hasemi "mimi". Katu! Yeye ni "sisi" tu. Muhula uliopita aliongoza darasa zima, akarudi chumbani akaniambia, "Tumefaulu." Nikamuuliza yeye na nani. Akahesabu: baba, mama, dada zake, mwalimu wake wa shule ya msingi, na mimi, kwa sababu nilimwazima chaja. Anasema kwao mtu wa "mimi, mimi" ni sawa na mtu anayekula amewapa wenzake mgongo. Kwao ukifanikiwa, nyumba nzima inakaa vizuri, na hakuna anayeuliza ni nani kati yenu aliyeshika nyundo.

Wa pili ni Bi Mpango. Naye ni mgeni, ila kwao ni upande mwingine kabisa wa dunia. Amebandika ukutani karatasi yenye maisha yake yote mpaka uzee, na rangi tatu. Alipofikisha miaka kumi na minane mama yake alimwambia maisha ni yako, yaendeshe mwenyewe. Tangu hapo hajawahi kumuuliza anasomea nini. Nilidhani ni habari ya kusikitisha, nikampa pole. Akashangaa. Akasema hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Nilipomweleza kwamba familia yangu inakuja kuona ofisi, akauliza anayeajiriwa ni mimi au wao.

Swali gumu! Sikulala vizuri mchana.

Mimi sasa. Kwetu kufanikiwa ni kuonekana. Mtu akipata, mtaa unajua. Mtaa usipojua, umepata nini? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi ni kizuri, lakini najitembeza kidogo kwa tahadhari.

Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: hawa wawili nawahusudu. Bi Mpango anatembea kama mtu mwenye funguo za milango yote. Na Taratibu, hata akichemsha maji, unatamani ungekuwa mmoja wa hao "sisi" wake.

Sasa lazima niwashinde.

Jumatano, 5 Machi

Mpango A: kuiba majibu ya Bi Mpango. Nikamwalika chai kwenye kantini. Nilikuwa nimeandaa maswali ya kuzungukazunguka, ya kumtega taratibu mpaka ajikute amesema. Hakukuwa na haja. Nilipouliza tu atajibu nini Ijumaa, akanipa majibu yake yote, hatua kwa hatua, na sababu zake. Nikamuuliza haogopi nikiyatumia? Akasema nikiyatumia yatakuwa ni maneno yake kwenye mdomo wangu, na mdomo wangu wataujua. Kisha akaupitia wasifu wangu, akafuta neno "meneja" mara nne.

Inaudhi sana. Huwezi kumwibia mtu anayekupa.

Mpango B ulijileta wenyewe. Jioni Taratibu alikuwa akijiandaa, akanigeukia na uso wa shida. Anatafuta neno. Akasema kuna ule moto ulio ndani ya mtu, unaomsukuma aende mbele hata akichoka. Kiswahili unaitwaje?

Unaitwa ari. Mtoto wa shule anajua. Nikatazama dari. Nikajikuna kidevu. Nikasema: tamaa.

Tamaa! Ile iliyompasua fisi msamba kwenye njia panda! Ile ya "tamaa mbele, mauti nyuma"! Nani atamwajiri mtu aliyekuja kutangaza tamaa yake mbele ya wakubwa?

Akauliza kama ni neno zuri. Nikasema zuri mno, hakuna usaili unaopita bila neno hilo. Akalirudia, tamaa, tamaa, kwa sauti ya mtu anayeonja kitu. Akanishukuru kwa mikono miwili. Halafu akachukua pasi, akanyoosha shati lake la Ijumaa. Akalimaliza, akachukua langu.

Nilihisi kitu kifuani. Huenda ni kiungulia.

Ijumaa, 7 Machi

Siku kuu. Kiwanda kinanuka sponji mpya hadi ghorofa ya juu. Tuliingizwa wote watatu pamoja, tukaketishwa kwenye viti vilivyopangwa mstari mmoja. Mbele yetu mama mkurugenzi, mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua, na kando yake afisa utumishi mwenye kalamu ya dhahabu. Swali lilikuwa moja kwa wote: kwa nini unaitaka kazi hii, na kufanikiwa kwako ni nini?

Bi Mpango alianza. Akasema atakaa nao miaka miwili, atajifunza kila watakachomfundisha, kisha ataondoka kuanzisha kampuni yake, ikiwezekana ya kushindana nao. Nikafumba macho kwa ajili yake. Maskini, nikasema moyoni, kajichimbia kaburi. Nikafumbua. Mama mkurugenzi alikuwa anacheka hadi miwani inatikisika, akisema afadhali adui anayebisha hodi. Afisa utumishi hakucheka.

Zamu yangu. Nilikuwa nimechanganya dawa ya wote wawili, ya Taratibu na ya Bi Mpango, nikiamini mbili ni bora kuliko moja. Nikasema sisi kwa pamoja tutakaa miaka miwili, kisha mimi nitaondoka na sisi tutabaki. Mama mkurugenzi akauliza hao sisi ni akina nani. Nikatafuta. Sikumpata hata mmoja. Nikasema ni namna ya kusema tu. Akauliza ninalalia godoro gani. Nikasema la kwao, siku zote, tangu utotoni. Lipi? Nikasema lile la bluu.

Hawajawahi kutengeneza la bluu.

Nikakaa. Lakini moyo wangu ulikuwa mtulivu, maana aliyenifuata nilijua amebeba nini.

Taratibu akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akasema, kwa sauti safi: "Sisi tuna tamaa."

Kalamu ya afisa utumishi ikaanguka. Nikajiuma mdomo. Taratibu akaendelea: tamaa kubwa sana. Hata nyumbani wanaijua. Niliangalia viatu vyangu, nikahesabu matundu ya kamba, la sivyo ningeangua kicheko na kuharibu ushindi wangu.

Mama mkurugenzi akamuuliza kwa upole, tamaa ya nini, mwanangu?

Akaeleza. Mama yake ni muuguzi, wodi ya wagonjwa wasioweza kuinuka. Kazi yake ni kuwageuza, upande huu, upande ule, ili ngozi isioze. Amewageuza watu mpaka mgongo wake mwenyewe umekwisha. Taratibu akiwa mdogo alikuwa akimpelekea chakula wodini, akaona kwamba godoro baya humuumiza mgonjwa polepole, na muuguzi wake pia. Basi anataka kutengeneza godoro la mtu asiyeweza kujigeuza. Si la wodi moja. La wodi zote, za kwao na za hapa, na hata akimaliza hizo anajua hatatosheka.

Mimi nilikuwa nimeacha kuhesabu matundu.

Afisa utumishi akakohoa. Akasema labda neno alilokusudia ni ari. Taratibu akasema ari ameiona kwenye kamusi, na tamaa ameiona pia. Ameona kwamba tamaa ni neno baya. Lakini ari inaelekea ni kitu cha kuvaa ukija usaili, na yeye alichonacho hakivuliki. Akauliza kama ni kosa kulitumia kwa jambo jema.

Aliiona kwenye kamusi! Alijua!

Afisa utumishi akataka kujua ni nani aliyemfundisha neno hilo. Nilijiona natolewa pale kwa ukosi wa shati, shati alilolinyoosha yeye. Taratibu hakugeuza hata shingo. Akasema, "Tulijifunza pamoja."

Mama mkurugenzi akavua miwani. Akasema amekaa kwenye kiti kile miaka mingi, akaletewa ari, akaletewa bidii, akaletewa moyo wa kujituma, magunia kwa magunia. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kumletea tamaa yake waziwazi, na ndiyo ya kwanza aliyoiamini.

Taratibu amepata.

Bi Mpango alipiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu. Makofi ya kweli! Nilimchunguza usoni nione wivu, sikuona hata chembe. Akasema ameshindwa na mtu bora, na hilo ni somo la bure. Kisha akamwomba mama mkurugenzi anuani ya anayewauzia sponji, na akapewa. Watu gani hawa? Nilishuka kwa ngazi peke yangu, kwa sababu lifti ilijaa watu wanaopongezana.

Jumamosi, 8 Machi

Mama na Shangazi wamekuja. Mpango C: ugonjwa. Nikajilaza, taulo bichi kwenye paji la uso, nikaguna kidogo kwa vipindi. Mgonjwa haonyeshi watu ofisi.

Mama akagusa paji la uso, akagusa taulo. Akasema homa hii imetoka bombani. Shangazi hakuwa na muda wa homa. Alivaa nguo ya harusi, viatu mkononi ili visichakae kabla ya kufika ofisini. Akauliza tunaondoka saa ngapi.

Hapo akaingia Taratibu na chai. Akatoa shikamoo kwa Mama, akatoa nyingine kwa Shangazi, zote zimenyooka. Shangazi akampenda papo hapo. Akamuuliza kama amesikia habari ya kazi. Uso wa Taratibu ukang'aa wote.

"Tumepata kazi!" akasema.

Vigelegele! Shangazi alicheza chumba kizima, na chumba chenyewe ni cha hatua tatu. Akapiga teke ndoo, akamkumbatia Taratibu na chai yake, akatoka nje kutafuta mtandao ili ampigie fundi cherehani. Mimi sikusema kitu. Kunyamaza si kusema uongo. Niliamua iwe hivyo.

Taratibu akatoka kutafuta dekio. Tukabaki mimi na Mama. Akakunja lile taulo, mara mbili, mara nne. Akauliza kwa sauti ndogo aliyepata ni nani.

Nikafungua mdomo nipange kitu. Hakikuja. Nikasema: ni yeye, Mama. Si mimi.

Nilingoja anikemee. Ningependa anikemee. Akasema yeye hakuomba meneja. Tangu anipeleke shule hajawahi kuomba meneja, wala ofisi, wala mlango. Meneja niliandika mimi. Nikamuuliza kwa hasira, maana nilikuwa na haya, basi alitaka nini miaka yote hii? Akasema alitaka alale usiku bila kujiuliza mwanawe amekwama wapi leo na amemdanganya nani. Hilo tu. Na tangu nianze chuo hajalipata.

Akalia kidogo. Nami nikalia, tena si kidogo. Sikujua kwamba kwake kufanikiwa kwangu ni kitu kidogo hivyo, na kwamba hata hicho kidogo nimemnyima.

Akapangusa uso wangu kwa taulo la homa. Akasema atamwambia Shangazi yeye mwenyewe, njiani, akiwa ameshashiba. Na huyu kijana wa "tumepata", akasema, mshike. Mtu anayekuingiza kwenye furaha yake bila kukuuliza umeleta nini, hapatikani kila siku.

Nimeahidi kuacha uongo. Nimeahidi kwa moyo wote. Haki ya Mungu, mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 10 Machi

Taratibu alikwenda kuripoti kiwandani. Akarudi akasema tumeitwa. Nikamwambia asinichezee. Akasema kweli. Duka la kiwanda, lile lenye kioo kikubwa barabarani, linatafuta mtu wa kulala kwenye magodoro siku za Jumamosi, wateja waone mwili unavyokaa. Kamtajia mama mkurugenzi jina langu. Mama mkurugenzi akauliza kama ni yule wa bluu. Akasema ndiye. Mama mkurugenzi akacheka sana, akasema aje.

Nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa nini ananitendea wema, ilhali anajua nilichomfanyia na lile neno. Akaweka maji jikoni kwanza. Akasubiri yachemke. Akamimina vikombe viwili. Akasema kwao kosa la rafiki halifunuliwi mbele ya wageni, linafunuliwa ndani, kukiwa na kitu cha moto cha kunywa.

Kisha akasema: "Mimi niliumia."

Mimi! Miaka miwili chumba kimoja, sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Alilisema kwa shida, akiangalia kikombe. Nikaelewa kwamba hapo nilimtoa nje ya "sisi" yake, na kwamba huko nje alikuwa peke yake kabisa. Nikamwomba msamaha. Bila maneno ya kupamba, bila mpango A wala B. Nikasema nimekukosea, ndugu yangu, nisamehe.

Akanisogezea kikombe. Akasema: "Basi tunywe."

Sijawahi kunywa chai tamu kama ile. Huyu ndiye mtu niliyetaka kumzidi! Ningejua thamani yake ningemfuata nyuma tangu mwaka wa kwanza, na daftari mkononi.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya kwanza kazini! Wamenilaza dirishani kabisa, godoro la inchi kumi, shuka jeupe, mto wa pamba. Maagizo: lala, geuka, tabasamu. Nilifanya yote matatu kwa muda mfupi. Baada ya hapo, sijui. Nililala usingizi wa haki. Wanasema nilikoroma mpaka kioo kikatetemeka. Watu wakajazana nje. Bibi na bwana fulani waliokuwa wakipita kwenda kununua meza wakaingia wakasema wanataka godoro la huyo kijana, hilohilo, likiwa bado na joto. Mama mkurugenzi ameteremka mwenyewe kunipongeza. Amesema kila mtu ana kipaji chake.

Taratibu alitoka karakana, bado ana vumbi la sponji kwenye nyusi, akanipa mkono akasema tumeuza. Bi Mpango alipita barabarani akanipungia, kisha akasimama kuchora ramani ya dirisha.

Na mimi nimetafakari. Mambo haya yote yamenifundisha jambo moja: nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kufanikiwa ni kuonekana! Nani kwenye ukoo wetu amewahi kuonekana na barabara nzima, tena amelala? Nikapiga picha, nikaituma kwa ndugu wote. Nikaandika: ofisi yangu, ukuta mzima ni kioo. Si uongo. Pimeni wenyewe.

Shangazi kajibu upesi sana. Kumbe Mama alimweleza yote, akakasirika, akanuna wiki nzima, lakini ukuta wa kioo umemlainisha. Akauliza cheo changu. Mtu mpya hadanganyi, kwa hiyo nilitaka kuandika ukweli mtupu. Vidole vikaandika "Mkurugenzi wa Usingizi".

Anakuja Jumamosi ijayo na fundi cherehani na nusu ya soko. Mkurugenzi hawezi kukutwa hana wa kumwamrisha. Nimemwomba Taratibu asimame kando ya godoro siku hiyo moja tu, aniite bosi. Amesema tutaona.